Mtego wa Kumi na Tisa

Tūroa hakuwa na gari, hakuwa na meno ya juu, hakuwa na mke wala cheti cha kazi yoyote. Na tangu Alhamisi hakuwa na mdogo wake, Paora, aliyechukuliwa na mto akikagua mitego ya vicheche, wale wanyama walioletwa na meli ambao humaliza makinda ya kiwi, ndege wasioruka.

Mwili haukuonekana. Bibi Ngāhuia, mkubwa wa ukoo, akaweka rahui: bonde lote marufuku, mtego usiguswe, mpaka marehemu apatikane. Watafutaji pekee waliruhusiwa, nao walihangaika huko chini, mto unapoingia baharini. Makinda ndiyo kwanza yalikuwa yanaanguliwa. Kila siku ya rahui ilikuwa karamu ya vicheche.

Jumapili asubuhi Tūroa alikuwa anakunywa chai mbele ya kompyuta yenye ramani. Kila mtego ulikuwa na kidude kinachotuma ishara kifuniko kikifunguliwa. Nukta ya kwanza ikawaka. Baada ya dakika nne, ya pili.

"Mereana! Njoo uone."

Binti wa Paora alikuja, macho yamemvimba. "Panya hao, baba mkubwa."

"Panya wanaofungua vifuniko kwa zamu?"

"Basi betri. Mvua imeingia."

"Betri gani inayochechemea?"

Kutoka wa nane kwenda wa tisa, penye mlima, zilipita dakika kumi na moja. Hapo Paora alikuwa akipumzisha goti na kuvuta sigara. Mereana alijua.

Nukta zilipanda mpaka ya kumi na tisa, juu kabisa karibu na maporomoko, zikakoma. Mitego ilikuwa thelathini. Jumatatu vilevile. Jumanne vilevile.

Mereana akachukua koti. "Naenda kumtoa."

"Kaa chini. Rahui haichagui binti."

"Basi mpigie Bibi simu!"

"Ya marehemu kwa simu? Atanikatia, halafu anitukane mbele ya ukoo mzima."

Akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka: *Bibi, Paora hakufika mtego wa ishirini. Watafutaji wapande, waangalie dimbwi lililo chini ya kumi na tisa. Sisi hatujaingia.*

"Usimwambie umejuaje," Mereana alinong'ona.

"Hataniuliza."

Akalamba bahasha, akaibana kwa ngumi. Kwenye ramani, nukta ya kumi na tisa ilikuwa bado inawaka. Mereana aliificha barua ndani ya koti, akatoka nayo mvuani.