Mtandao wa Madoa

Asubuhi mnara wa simu ulipoanguka, Elieth alikuwa ghalani akipanga nyanya kwenye matenga, mbichi chini, zilizoiva juu. Upepo ulitangulia mvua, nyaya za mnara zikaachia, na mnara ukalala kwenye shamba la mihogo la kanisa. Nyaya hizo zilikuwa zimelegea tangu mwaka jana. Watu wa kijiji hicho, nje kidogo ya Runzewe, walikuwa wameipigia kampuni ya simu kulalamika mpaka wakachoka. Sasa hawakuwa hata na pa kupigia.

Elieth alikuwa na kampuni changa iitwayo Tenga Letu. Akina mama wa kijijini walituma picha za nyanya na mchicha kwa simu, programu aliyoitengeneza binamu yake Enock ikakusanya oda za migahawa ya Kahama na za wapishi wa machimboni, na bajaji ya mizigo ikaondoka imejaa. Elieth aliipenda kazi hiyo kuliko yoyote aliyowahi kufanya. Bila mtandao, wateja walianza kununua kwingine, na nyanya zikalainika ghalani. Wiki ya pili Enock alisema wafunge. Elieth akasema wangoje mpaka Jumamosi, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Ijumaa baba yake, mzee Mwigulu, alikuwa akimkamua ng'ombe aitwaye Madoa, simu ikalia mfukoni. Mpishi wa machimboni aliuliza kama nyanya bado zipo. Mzee akajibu zipo, akasimama kumwita binti yake, simu ikakata. Alipoinama tena ubavuni mwa Madoa, ikarudi.

Enock, ambaye ni mtu wa vipimo, aliwapima ng'ombe wote zizini. Dume jeusi lilishika redio ya Burundi, kwa mbali. Wengine hawakuwa na kitu. Madoa alikuwa na mtandao kamili anapocheua, nusu anapokula majani, na akinywa maji ulikatika kabisa.

Siku hiyohiyo ofisi ya Tenga Letu ilihamia zizini. Mchana Enock alimfuata Madoa malishoni na kompyuta mgongoni, na oda ziliingia vizuri mradi asibaki nyuma. Nesi wa zahanati alikuja kuagiza dawa, wakala wa pesa za simu akahamishia mwavuli wake hapo, na wateja wa Kahama wakazoea kuambiwa, "Subiri kidogo bosi, ng'ombe anakunywa." Bajaji ikaondoka imejaa tena.

Shida ilikuwa moja: Madoa alikuwa ameshaahidiwa. Kaka yake Elieth, Ansgar, alikuwa anamwoa Salvina wa Masumbwe. Kabla mnara haujaanguka wakwe walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari, na baba wa Salvina, mzee Marselino, alimgusa Madoa kwa fimbo. Ng'ombe akishaguswa hivyo hana mjadala tena. Ansgar alijitolea kuahirisha ndoa. Elieth alimkatalia, na aliona aibu jinsi alivyotamani kukubali.

Mvua zilipopungua, mzee Marselino alikuja kuchukua mahari yake.

"Shikamoo baba," alisema Elieth.

"Marahaba, mwanangu. Naona harusi mmeanza bila mimi," alisema mzee, akiwatazama watu waliomzunguka Madoa na simu zao.

Elieth akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akimpapasa Madoa mgongoni.

"Mimi simu yangu ya tochi tu," alisema. "Huyu nilimpendea uzao. Mama yake alikuwa hakai bure."

"Basi baba, mchukue, awe wako. Halafu utuwekee hapa tukufugie, kama wazee walivyokuwa wanawekeana. Ndama wote wako. Sisi tubaki na maziwa na mtandao."

Enock akaongeza kwamba hata programu yao inakaa hivyohivyo, kwenye mashine za watu wengine huko mbali, na haijawahi kupotea. Mzee hakujali mashine.

"Na ndama akizaliwa na mtandao?"

"Ni wako, baba."

"Haya. Siku ya harusi mnywesheni mapema. Nina ndugu wengi wa kuwapigia."

Harusi ilifungwa, na Elieth alicheza mpaka akavua viatu. Tenga Letu ikaongeza bajaji ya pili.

Baadaye fundi wa kampuni ya simu alifika na gari lililojaa vipuri. Aliupita mnara, ambao mbuzi walikuwa wamezoea kuulalia, akaja zizini na kuweka kipimo chake ubavuni mwa Madoa. Kilisoma vizuri kabisa. Elieth alimweleza kuwa huyo ni ng'ombe wa wakwe, yupo kwa kufugiwa tu. Fundi alisema ameelewa, akaondoka na vipuri vyake.

Jioni ujumbe mmoja uliingia kwenye simu zote zizini. Elieth akausoma kwa sauti: "Ndugu mteja, tumerejesha huduma katika eneo lako. Asante kwa kutuvumilia."

Mzee Mwigulu aliuliza kama wameandika chochote kuhusu majani ya ng'ombe. Hawakuwa wameandika. Elieth akakasirika, akaanza kuwajibu kuhusu mnara, lakini Madoa alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye ndoo. Akakaa kumsubiri. Madoa alipomaliza kunywa iliingia oda ya Kahama, tena kubwa, basi Elieth akaanza na hiyo.