Ukingo Ulioliwa na Mawimbi

Mke wa nahodha alikuwa akishona gauni la mteja aliposikia sakafu ikilia, kah! kama kuni kavu. Akainama. Ufa mwembamba ulianzia jikoni, ukapita chini ya cherehani, ukaingia chumbani kwa mama mkwe.

Zamani, kati ya jiko na mto palikuwa na bustani ya mboga na njia pana. Kisha zikaja boti za mwendo kasi. Kila iliyopita iliacha mawimbi yaliyopiga ukingo na kuumega kidogo kidogo. Bustani ilikwenda na maji, njia ikaifuata. Na boti yenye kasi kuliko zote aliiendesha mumewe.

"Ukifika hapa, punguza mwendo," alimsihi mara nyingi.

"Maji hayana meno, mke wangu," nahodha alimjibu akicheka.

Sasa mngurumo ukasikika kwenye kona ya mto. Mwanamke akatoka mbio, akapunga lile gauni, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nahodha akamwona. Akadhani anasalimiwa; akapiga honi, akaongeza moto.

Mawimbi yalikuwa yanakuja, na ndani alilala mama mkwe asiyeweza kutembea.

Akarudi ndani roho mkononi. "Mama, nishike shingo!"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nishike tu!"

Akambeba mgongoni. Wimbi la kwanza likapiga. Sufuria zikaporomoka jikoni. La pili likapanua ufa, akaona maji ya tope chini ya miguu yake. Akauruka. Walipofika barabarani, jiko liliinama taratibu, likatumbukia mtoni pamoja na cherehani.

Bibi kizee alizidi kumng'ang'ania. "Usiniteremshe," alinong'ona. "Ardhi hii siiamini."

Nahodha aligeuza boti, akaja nayo taratibu, uso umempauka. Mama yake akamwambia: "Nusura utuzike hai, baba."

Kesho yake aliwaendea manahodha wenzake, akiwaomba wapunguze mwendo. Baadhi walimsikiliza. Wengine walimcheka.

Mkewe alihamia kwa dada yake, mlimani, yeye na mama mkwe. Mpaka leo, injini yoyote ikinguruma, hata ya lori, husimama ghafla akatafuta mlango.