Kiti cha Mjomba Maloba

Mjomba Maloba hajawahi kusimama. Polio ilichukua miguu yake akiwa mtoto kule kijijini Sikuda, na tangu nimjue amekuwa juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, akivusha unga na mafuta ya kula kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda. Yeye hukaa mbele na kushika usukani. Mizigo hupangwa nyuma ya kiti chake. Nyuma ya mizigo lazima awepo mtu wa kusukuma, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuzaliwa kusukuma. Nilikuwa nimeanza kujifunza kuchomea vyuma Tororo, kwa fundi Erastus, nikafukuzwa kwa sababu ya maswali. Kwa nini chuma kinapasuka hapa na si pale? Kwa nini beringi ya kushoto hufa kwanza? Siku moja nilifungua pampu ya mteja kabla ya kuambiwa, nione maji yanapandaje, na mteja akaingia akaikuta imetawanyika sakafuni. Erastus alinionyesha mlango. Alisema karakana yake inachoma vyuma, haichomi maneno. Nilirudi Busia kichwa juu, mfuko mtupu, na mjomba akanikabidhi bomba la kusukumia.

Basi nikasukuma. Na kwa kuwa siwezi kufanya kazi kimya kimya, nilitunga ubeti wa kuwaondoa watu njiani:

*Pisheni njia pisheni, unga wa watu wapita,*
*Miguu iondoeni, gurudumu litakata.*

Niliutoa kwa sauti ya kifuani. Watu walicheka, lakini walipisha.

Tukipumzika, wasukumaji wenzangu walikwenda kunywa chai. Mimi nililala chali chini ya baiskeli nikaitazama ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Brayo, kijana wa upande wa Kenya aliyesukuma baiskeli nyingine, aliinama siku moja akanichungulia, akaniita mzee kwa Sheng ya kwao.

"Buda, hiyo kitu itakuzalia lini?"

Nilimwambia asubiri, atamwona mtoto.

Nilichokuwa nakiona ni hiki. Baiskeli zile zilitengenezwa kwa mtu mmoja anayekwenda zake kanisani. Aliyezibuni hakuwaza magunia, wala hakumwaza mtu wa nyuma. Mzigo wote ulikaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila tulipopanda mwinuko wa karibu na geti la mpaka, gurudumu la mbele lilinyanyuka na mjomba akabaki ameshika usukani usiogusa ardhi. Uzito huo niliuzuia mimi, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, maana bomba la kusukumia lilinifika kiunoni. Mgongo wangu ulikuwa umenifundisha jambo ambalo karakana haikuwahi kunifundisha. Ekseli irudi nyuma, mzigo ukae juu yake, bomba lipande lifike kifuani. Nilikuwa na hakika.

Mjomba hakutaka kusikia. Alikuwa na baiskeli hiyo moja tu, na bila hiyo angerudi kukaa uani Sikuda akingoja kuletewa chakula na dada zake, kama alivyokaa ujana wake wote.

"Hii ndiyo miguu yangu," aliniambia. "Mtu hakati miguu ili aone ndani kuna nini."

Wiki ile ile, pale mwinukoni, gurudumu la mbele likanyanyuka na halikurudi chini. Baiskeli ilikaa kitako. Mjomba aliangukia magunia, gunia moja likapasuka, na mzee mzima akainuliwa na watu akiwa mweupe kwa unga tangu kichwani hadi kiunoni. Walicheka. Mimi nilitaka kupigana na wote, upande wa Kenya na upande wa Uganda. Mjomba alipangusa macho, akaniita karibu, akasema kwa sauti ya chini: "Huko Tororo, huyo fundi wako bado anakukumbuka?"

Erastus alinikumbuka vizuri. Tulishusha baiskeli kutoka kwenye pikapu ya jirani, mjomba akakalishwa kwenye stuli, nami nikaeleza. Nilijiandaa kwa ugomvi. Erastus alizunguka baiskeli, akatikisa ekseli, akaniuliza nani ataikata. Nikasema mimi.

"Mkato ni wako basi. Ukikosea, utambeba mjomba wako mgongoni mpaka Busia."

Nilikata. Cheche ziliporuka mjomba aligeuza uso akatazama barabarani. Nilirudisha ekseli nyuma, nikainua bomba, nikachomea, nikasugua hadi viungo vikang'aa. Tulipakia mifuko ya mchanga, tukamweka mjomba kitini, nikasukuma. Mgongo wangu ulikuwa umenyooka kama mgongo wa askari. Gurudumu la mbele lilishika ardhi barabara. Nikaanza kuimba ubeti wangu.

Halafu tukafika kwenye kona, na mjomba hakuweza kuikata. Uzito ambao zamani ulinyanyua mbele sasa ulikuwa umelalia mbele. Alivuta usukani kwa mabega yote mawili, mishipa ya shingo ikamsimama, na baiskeli ikaenda moja kwa moja hadi kwenye rundo la vyuma chakavu.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba amechoka, ateremshwe. Akakaa kwenye stuli, mikono mapajani, akikitazama kile kitu nilichokikatakata. Afadhali angenitukana.

"Ulipima kwa nini?" Erastus aliniuliza.

"Kwa mgongo wangu."

"Na mabega yake ulipima lini?"

Mwaka mzima nilikuwa nimelala chini ya baiskeli ile, nimesimama nyuma yake, nimeshika kila chuma chake, lakini kiti sikuwahi kukikalia. Hakuna msukumaji wa stendi yetu aliyewahi. Tuliambiana kwamba ukikalia kiti cha asiyetembea, miguu yako nayo itakusahau. Hata Brayo, asiyeamini kitu, alikaa chini vumbini kuliko kukaa hapo. Nilikuwa nimeuliza maswali yote duniani isipokuwa lile nililoliogopa.

Nilimtazama mjomba. Alijua ninachokiwaza. Mtu yeyote wa mpakani angejua.

"Naweza kukaa, mjomba?"

"Mimi nimekaa miaka yote," akasema, "na hakijaniuma."

Nikakaa. Kwa kweli niliogopa, nikaikunja miguu kama alivyoikunja yeye. Erastus akasukuma, na ili kunikejeli akaanza kuimba ubeti wangu, mdomo wake juu ya kichwa changu. Sauti ilinipasua masikio. Ndipo nilipojua kwamba mashairi yangu yote, kabla ya kumfikia mpita njia, yalikuwa yakimpiga mjomba kisogoni. Mbele yangu niliona mikanda ya watu na matako ya watu. Hakuna uso. Na usukani ulikuwa mbali. Mikono ilibidi inyooke kabisa kuufikia, na mkono ulionyooka hauna nguvu ya kugeuza kitu. Tulipofika kwenye kona mabega yaliwaka moto.

"Usukani uje kifuani," nikapaza sauti. "Na ekseli irudi mbele kidogo, nusu tu."

"Na gurudumu la kushoto limelala," akasema mjomba.

Tuligeuka. Alikuwa ameinama mbele kwenye stuli, macho yamemtoka. Maisha yake yote hakuwahi kuiona baiskeli yake ikija. Sasa alituonyesha kwa kidole jinsi linavyopinda, akasema ni kwa sababu mimi hupakia gunia zito upande ule ule kila siku, akamwagiza Erastus asukume tena, tena, polepole. Wazee hao wawili walibishana juu ya gurudumu hilo mpaka chai ikapoa, nami nikakata na kuchomea walivyokubaliana.

Siku ya soko tulifika mwinukoni na mzigo kamili. Watu walikuwa wamesikia, wakajipanga kutazama. Brayo alisimama na simu tayari kupiga picha mzee akianguka. Sikuimba. Nilisukuma nikiwa nimenyooka, mjomba akaushika usukani kifuani, na gurudumu la mbele likapanda mwinuko bila kuiacha ardhi hata kidogo. Brayo akairudisha simu mfukoni, kisha, tuliposimama, akalala chali chini ya baiskeli yetu kutazama.

Juu, karibu na geti, mama Teopista, anayevusha mayai kwa baiskeli ya aina ile ile, alikuwa ametusubiri. Alimuuliza mjomba nani amemtengenezea. Mjomba alininyooshea kidole gumba bila kugeuka.

"Huyu hapa. Karakana yake iko Tororo, kwa Erastus."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema hivyo, na Erastus mwenyewe alikuwa bado hajasema. Nilipiga magoti mara moja kuishika ekseli ya mama Teopista.

"Mukhwana," mjomba akaniita. "Acha ekseli. Mwombe mama kiti kwanza."