Kondoo wa Lindsay kwenye Shamba la Clarrie

Kwa miaka saba nimewajazia watu wa kodi fomu zenye sifuri tupu, na sijutii hata moja. Fomu ilikuja kila baada ya miezi mitatu, na juu ya bahasha waliandika jina la Clarrie kwanza, kisha langu, vile vile tulivyosajili biashara yetu ya kondoo enzi zile. Benki ilishamfuta. Kampuni ya simu ilishamfuta. Hata klabu ya mpira, aliyoikatia nyasi bure nusu ya maisha yake, ilishamfuta. Watu wa kodi peke yao ndio walioendelea kumwandikia mume wangu, na mimi sikuwa na haraka ya kuwaambia kwamba amefariki.

Mwaka huu magoti yamenishinda, nikauza shamba kwa Damir na mkewe, watu wachapakazi wanaotaka kufuga. Mkataba ulisema bei ni ile ile, kodi ikiwemo. Sikuona ubaya wowote, nikatia sahihi. Wiki mbili kabla ya makabidhiano, Tess, mhasibu wangu mpya, akaniita ofisini kwake.

"Nola, kodi ya bidhaa na huduma kwenye mauzo haya ni yako wewe muuzaji. Wanunuzi hawaongezi hata senti."

"Yangu kwa lipi? Sijauza hata unyoya mmoja wa kondoo tangu mazishi."

"Lakini bado umesajiliwa. Kwa nini hukujifuta?"

Nikamweleza habari ya bahasha. Tess akavua miwani.

"Jamani, Nola," akasema.

Kodi yenyewe ingekula sehemu moja katika kila kumi na moja za bei yote. Nyumba ndogo ya mjini, mlango wa pili kutoka kwa dada yangu, niliyokwisha kuilipia arubuni, ingeniponyoka. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake. Ndivyo nilivyoumbwa.

"Iko njia moja," Tess akasema. "Shamba likiuzwa kwa mtu atakayeendeleza kazi ya shamba, na kazi hiyo ikawa imefanyika hapo miaka mitano mfululizo kabla ya kuuzwa, kodi haitozwi. Damir yuko tayari kuandika kwamba atafuga. Sasa hiyo miaka mitano. Nani amekuwa akifuga pale?"

"Hakuna. Kondoo wa Lindsay tu wanakuja kula nyasi."

"Lindsay ndiye nani?"

"Jirani. Alipeana mkono na Clarrie pale langoni, mwaka ule Clarrie alipougua. Alete kondoo, nyasi zisije zikashika moto kiangazi. Karatasi hakuna. Sisi hatuandikiani."

"Na hao kondoo ni wa biashara?"

"Anao elfu mbili. Unadhani anawafuga wamwimbie?"

Tess akacheka. "Basi sheria haijali biashara ni ya nani, mradi imefanyika kwenye ardhi hiyo. Niletee ushahidi."

Kesho yake Lindsay akaingia ofisini na katoni ya madaftari. Wanaume wa kwetu hawamwandikii barua hata mama mzazi, lakini kila jioni wataandika mvua imenyesha kiasi gani na kondoo wamelala wapi. Mwandiko wake haukusomeka, ikabidi asome mwenyewe, masikio yamemwiva kwa aibu.

"'Tarehe tatu Machi. Majike mia mbili themanini kwa Clarrie. Mvua hakuna.'" Akafunua. "'Tarehe kumi na tisa Juni. Nimewatoa kwa Clarrie. Baridi kali.'"

Machi ile Clarrie alikuwa na mwezi mzima kaburini. Nikadhani Lindsay amepitiwa. Akasoma mwaka uliofuata, na uliofuata huo: kwa Clarrie, kwa Clarrie. Nikamwona mume wangu ameketi kwenye ukingo wa lambo, viatu pembeni, redio ya kriketi inakoroma, ananiita nilete chai kana kwamba mimi sina kazi.

"'Lango la Clarrie limelegea, nimekaza,'" Lindsay akasoma. "'Mvua milimita arobaini. Lambo la Clarrie limejaa mpaka juu. Angefurahi.'"

Hapo akapenga kamasi, akasingizia mafua.

"Inatosha," Tess akasema, kalamu mkononi. "Miaka mitano imetimia na zaidi. Hakuna kodi, Nola. Nyumba yako ya mjini iko salama."

Lindsay akafunga daftari, akaanza kuyapanga yote kwenye katoni.

"Nani amekwambia ufunge?" nikamuuliza.

"Si umesikia? Mhasibu amesema inatosha."

"Imemtosha yeye. Wewe soma."

Akamtazama Tess. Tess akainuka kuwasha birika. Lindsay akatoa daftari la mwaka uliofuata, akalamba kidole, akaanza na Januari.