Nani Aliifundisha Mikono ya Didas

...la, nimesikia vibaya, kompyuta ya Mugo, mchuuzi mwenzangu, ni mbovu na waya wenyewe tunagawana, sikio lake moja, langu moja, na sikio langu jingine liko mlangoni, kwenye korido ambako polisi wa Kichina wanagonga duka moja baada ya jingine, huzhao, huzhao, wanataka pasipoti, nasi tumeshusha shata la duka la Getrude na kuzima taa mchana kweupe, tumekaa juu ya marobota ya jinzi kama kuku kwenye tenga, viza yangu imekwisha, ya Mugo imekwisha, tangu ile Olimpiki yao ukienda kuomba waongeze wanakwambia meiyou, hakuna, hata hawainui macho... lakini huyu kwenye kioo ni Didas, mdogo wangu wa tumbo moja, mabega yamejaa, amevaa jezi ya chuo chake cha Marekani, anacheza ule mpira wao wenye ncha mbili, wa kudaka na kukimbia nao, na mtangazaji amemwuliza mikono hii ameitoa wapi, nani aliyekikuza kipaji chake, naye akacheka kile kicheko cha baba, akasema, "Kocha wangu wa hapa chuoni. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua kudaka mpira."

Hakuna. "Rudisha nyuma," namnong'oneza Mugo, naye anarudisha, na Didas anasema vilevile, hakuna, halafu anaongeza, "Kocha alinifundisha kwamba mpira unadakwa kwanza kwa macho, mikono inafuata," Yesu wangu, maneno hayo ni yangu, niliyasema mimi mwaka jana nikiwa hapa mjini, barabara ya Huanshi, na mzigo mgongoni, magari yananguruma, simu nimeibana begani, yeye analia huko, dada mipira inaniponyoka, watu wananizomea, kocha ameniweka benchi, nikamwambia Didas baba, unaanza kukimbia kabla hujaudaka, tulia, mpira unadakwa kwanza kwa macho, mikono inafuata, akaniuliza kwa sauti ya utoto, "Kama yale mapapai?" nikamwambia ndiyo, kama mapapai... kwa hiyo anakumbuka, hajasahau, angekuwa amesahau ningemsamehe, anakumbuka mvua ya Bukoba na uwanja wetu wa utelezi nyuma ya migomba, mimi namrushia papai bichi, likianguka likapasuka tunaanza upya, mpaka akadaka lililolowa kwa mkono mmoja, akacheka, na mama alikuwa amezikwa majuzi tu, hakuna aliyekuwa amecheka nyumbani kwetu tangu msiba, na mimi nilikuwa nimechaguliwa timu ya mkoa ya netiboli, raba zangu nimezipaka chaki zikawa nyeupe, zimeanikwa dirishani, baba akazitazama akasema Evaline, mpira wa wasichana una mwisho gani, mlee mdogo wako, nikamlea, kila nilichokuwa nacho viganjani nikakihamishia viganjani mwake...

"Shh," anasema Getrude, "wako duka la pili." Huzhao. Mtu anajitetea kwa Kifaransa, Mkongo yule muuza wigi, sauti yake inapanda halafu inakatika. Labda kocha alimwambia aseme hivyo, labda huko chuoni mwanamume hawezi kusema nilifundishwa na dada yangu, na kocha naye simnyimi haki yake, alimpa vyuma vya kunyanyua, alimpa nyama, alimpa uwanja wenye majani, alimrudisha kutoka benchi, sawa, mchukue, msifu, lakini hakuna? Nyumbani kwetu hakuna? Neno lilelile la yule askari wa dirisha la viza, asiyeinua macho, nimelipata sasa kwa mtoto niliyemfunga mbeleko. Na kwenye kioo sasa wachambuzi wamekaa kwenye viti vizuri huko wanabishana kipaji cha Didas ni jukumu la nani, la kocha, la chuo, la mchezaji mwenyewe, changu kilikuwa jukumu la nani, nani alibishana juu yangu, baba alikitazama dirishani akakifunga kwa sentensi moja, na mimi niliitikia ndiyo baba, na miaka yote mtu akiniuliza nasema kipaji cha Didas ni Mungu tu, nasema hivyo kwa unyenyekevu, na nikisema hivyo nami pia nasema hakuna...

Mugo ananisogelea, anadhani naogopa polisi. "Usiogope, Eva," ananong'ona, "watapita tu. Lakini huyu si ndiye bradhako? Sasa nani alimfunza kudaka hivyo, ukweli?" Nje buti zimesimama, kivuli kimeziba mwanga chini ya shata, kofi moja kwenye chuma, la pili, na mdomo wangu umefunguka, nilitaka kunong'ona lakini imetoka sauti nzima, sauti ya uwanjani, "Mimi," na Getrude amenirukia, kiganja chake chenye harufu ya jinzi mpya kimenibana mdomo na pua, macho yake yananisihi dada tutakwisha, shata linagongwa tena, nami nasema tena ndani ya kiganja chake, mimi, mimi ndiye.