Masaa Yaliyookolewa

Saa nne kasorobo asubuhi Mokami alikuwa anamimina uji wa wimbi nyumbani kwake Machochwe. Ndege ya Mwanza kwenda Arusha ilipoanza kunguruma, akafunika sufuria kwa ungo na kuwaita kuku ndani. Safari ile kwa barabara ni masaa kumi. Kwa ndege, saa moja tu. Kampuni hujisifu redioni kwamba inaokoa muda. Masaa tisa yanayookolewa hayawezi kubaki angani, kwa hiyo humwagwa Machochwe, kama mtu asiye na haya anavyomwaga maji machafu uani kwa jirani. Kikombe kimoja kilisahaulika nje. Uji ukachacha humohumo, Mokami akaumwaga.

Watu walishazoea. Nyanya zilioza kabla hazijapangwa mezani, na wanaume walionyoa asubuhi walikula mchana wakiwa na ndevu. Lakini masaa mengi yaliangukia barabara ya Mugumu, kwa kuwa iko wazi. Mwenye akili alisafiri mapema au alibaki kwake.

Uchungu hauna akili hiyo. Jumanne asubuhi ulimshika Boke, mke wa mwanawe Mokami. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mtoto alikaa vibaya. Muuguzi wa zahanati hakuzunguka: "Huyu ni wa kisu. Mkimbizeni hospitali Mugumu." Heche, dereva wa bodaboda, aliwapakia, Boke katikati, Mokami nyuma amemkumbatia. Ni mwendo wa dakika hamsini. Hawajamaliza kilomita sita, ndege ikapita, na masaa yote tisa yakawashukia.

Heche alivuta mafuta hadi mwisho. Pikipiki ilikimbia, lakini mgunga uliokuwa kushoto kwao ulibaki kushoto kwao. Jua halikusogea.

"Mama, tumefika?"

"Bado kidogo," Mokami alijibu, na akajibu hivyo mara nyingi mpaka akaona aibu kufungua mdomo.

Waliposhuka Mugumu, Heche alikuwa na ndevu, na saa ya ukutani ilionyesha wametumia dakika hamsini. Daktari aliitazama mara mbili, hakuona walikochelewa. Mtoto alitolewa amekufa. Alikuwa wa kiume.

Siku ya tatu ya msiba alikuja Method, mwakilishi wa kampuni, na fomu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwa nini mnayamwaga hapa?"

"Tulifanya utafiti, mama. Safari ya masaa kumi lazima mtu aisafiri yote. Kama si abiria, basi mwingine. Na watu wa huku hawana haraka."

Mokami alitema mate karibu kabisa na viatu vya mgeni, vilivyong'aa.

"Mjukuu wangu alikuwa na haraka."

"Pole sana," alisema Method, akaliandika hilo kwenye sehemu ya maoni. Kisha akamsogezea wino. Fomu ilisema tu kwamba masaa yamepokelewa, na kweli yalikuwa yamepokelewa. Mokami akaweka dole gumba.

Ndani, Boke alikuwa ameinama juu ya beseni, anakamua maziwa yasiyo na mwenyewe.