Grafu Tatu Zenye Kibonde

Shangazi yangu analipwa kumchungulia mlafi. Mlafi mwenyewe ni shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua, liko mbali kupita akili, na bado Shangazi anataka kujua limekula nini. Mimi nikifunua sufuria tu naitwa mmbea.

Wiki hiyo hakuwa na raha. Kwenye grafu za darubini ya angani alikuwa ameona kibonde kidogo, mahali mstari unapodidimia, alama ya gesi ikitumbukia shimoni kwa karibu theluthi ya kasi ya mwanga. Mkuu wake akasema hiyo ni hitilafu ya mtambo. Ripoti ingetumwa saa kumi jioni bila kibonde, na miaka sita ya Shangazi ingekwenda na maji.

Basi akaniita ofisini, mimi fundi cherehani niliyeachana na fizikia kwa amani ya pande zote. Akaniwekea grafu thelathini, majina yamefunikwa kwa plasta za vidonda. Nusu zilikuwa za shimo, nusu za nyota ya kawaida iliyotazamwa na darubini ileile. Nitoe zenye kibonde. Zikitokea na za nyota, mtambo ndio mbovu, naye Shangazi atanyamaza.

Nikamwomba anisaidie kidogo, akohoe tu nitaelewa.

"Sitaki kasuku," akasema, "ukinipendelea umenimaliza."

Akageukia ukuta, nisije nikausoma uso wake.

Nikapitisha kidole kwenye kila mstari kama ninavyotafuta mshono ulioruka. Nikatoa tatu. Akazichanganya, nikarudia. Tatu zilezile.

Akabandua plasta taratibu. Zote za shimo, zote za siku moja. Siku nyingine halikuonyesha kitu. Lilikula mara moja, likajifuta mdomo. Za nyota, hakuna hata moja.

Saa tisa na nusu Mkuu akaingia. Shangazi hakubishana. Alirudisha plasta, akachanganya karatasi, akamkalisha kwenye kiti changu, kisha akageukia ukuta tena. Mkuu alichambua mpaka jasho likamtoka. Akabaki na tatu mkononi.

"Kiingize," akasema. "Ukurasa wa kwanza."

Shangazi akaanza kuchapa. Nilikuwa na utani mzuri kuhusu walafi, nikaumeza. Mtu aliyekuwa radhi kujiangusha mwenyewe kwa mkono wangu, siku hiyo hataniwi.

Kesho yake, sawa.